Sharti la Barua

Ukimwambia mtu kazi aliyokuwa akifanya mama huyu, atadhani unamtania. Alikuwa akilipwa kusoma zile karatasi ambazo wewe na mimi tukinunua kitu tunazitupa pamoja na boksi. Kile kijitabu chenye herufi ndogo kama mchanga, kilichokunjwa mara nane, ambacho ukikikunjua mara moja hakikunjiki tena: ndicho hicho. Kumbe kuna mtu anakaa kitako akakipanga, akakisoma, akakisahihisha mpaka nukta ya mwisho. Basi sasa umemjua. Kazini walimwita Mama Masharti, na jina lilimkaa, maana hata chai hakukupa bila kukuuliza kama umenawa.

Karakana yao ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, kwa hiyo nguo zao zilinuka rangi hata siku za mapumziko. Walikuwa watu kumi na mmoja, meza tisa, na feni moja iliyoelekezwa kwenye mitambo badala ya binadamu. Walikuwa wakitengeneza kisanduku cha dawa. Kwa ukubwa hakikuzidi tofali, lakini kilikuwa kinaongea. Saa ya dawa ikifika, kijimlango kinafunguka na sauti ya upole inasema, "Saa mbili asubuhi. Kula kwanza, halafu unywe kidonge cheupe." Kilikusudiwa wazee wanaoishi peke yao, wale ambao watoto wao huwapigia simu Jumapili tu, na wanajijua.

Sasa hapa watu wengi hupotea, acha nieleze taratibu. Ndani ya kisanduku mna programu. Kampuni ndogo kama ile haiwezi kuandika kila kitu yenyewe, ingeandika mpaka kiama. Inachukua vipande vilivyoandikwa na watu wengine, waliovitoa hadharani vitumiwe na yeyote. Ndizo zinazoitwa programu huria. Unachukua bure, unaweka ndani ya bidhaa yako, unauza, na hakuna wa kukukataza. Ila bure yenyewe si ya holela. Kila kipande kinakuja na leseni yake, na leseni ina sharti. Huyu anataka jina lake na maneno yake viandamane na mashine popote inapokwenda. Yule anataka mnunuzi akiomba, apewe na maandishi ya programu yenyewe, kama wewe ulivyopewa. Kisanduku kile kidogo kilikuwa na vipande mia moja thelathini na sita, na kila kimoja kina mwenyewe.

"Mtu amekupa jasho lake, hakukudai chochote, anataka utaje jina tu," Mama Masharti alikuwa akisema, akiona mtu anapiga miayo mbele ya orodha yake. "Jina tu, nalo unamnyima? Una roho gani?"

Kabla ya hapo alikuwa msahihishaji kwenye kiwanda cha uchapaji, miaka ishirini na miwili, mpaka kiwanda kilipofungwa. Alitoka huko na rula ya mbao na tabia moja: hakusahihisha peke yake. Mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anafuata kwenye karatasi kwa rula, mstari baada ya mstari, nukta inasomwa "nukta" na mkato unasomwa "mkato". Wa kumsomea pale karakana alikuwa fundi wa programu, baba mmoja mnene wa makamo, mcheshi, ambaye ukimuuliza lolote alijibu "tusubiri tuone". Nadhani huna haja ya kuambiwa walimwitaje. Walimwita Tusubiri.

Basi ikafika wiki ya mwisho. Ijumaa kijitabu kilitakiwa kwa mchapaji, na Jumatatu itakayofuata vifurushi vya kwanza vianze kufungwa. Jumatatu ya kabla yake wawili hao walikaa dirishani na orodha, wakala vipande mia moja na kitu kabla ya chakula cha mchana. Tusubiri alikuwa ameshalegea sauti.

"Kinachofuata," akasoma. "Saa ya Mama. Nukta. Kazi yake, kutaja saa kwa Kiswahili. Nukta." Akaacha kusoma, akanyoosha mgongo. "Hiki ndicho roho ya kisanduku, mama yangu. Mashine huanza kuhesabu saa katikati ya usiku. Sisi tunaanza kulipokucha. Unadhani ni kutoa sita tu umemaliza? Nilijaribu kuandika mwenyewe wiki tatu, ikawa inaniambia saa saba ya asubuhi. Huyu bwana ameweka yote: alfajiri, alasiri, kasorobo, na nusu, na saa inapoacha kuwa mchana ikawa jioni. Mtu aliyeandika hivi alikaa nalo moyoni."

"Soma jina," Mama Masharti akamwambia, maana hakupenda hotuba katikati ya kazi.

Tusubiri akasoma mwaka, halafu majina matatu: la mtu, la baba yake na la babu yake. Rula ikamponyoka Mama Masharti ikaanguka chini. Baba yule na babu yule walikuwa wake pia. Mtu mwenyewe alikuwa mdogo wake wa mwisho, waliyemwita Kitinda tangu akitambaa, na alikuwa hajamsikia kwa miaka saba.

"Nimekosea?" Tusubiri akauliza, akiinama kuokota rula.

"Hukukosea. Endelea na leseni."

"Itumie utakavyo, mkato, iuze utakavyo. Nukta. Sharti ni moja. Nukta. Ukiiweka ndani ya kitu cha kuuzwa, mkato, niandikie barua kwa mkono wako, mkato, kwa kalamu. Nukta. Usinitajie umeuza vingapi. Nukta. Nitajie mtu mmoja tu ambaye programu hii inamwambia saa, mkato, na uniambie anaendeleaje. Nukta." Chini yake palikuwa na namba ya sanduku la posta la mji ambao ni safari ya siku nzima. Tusubiri akacheka mpaka kiti kikalia. "Haki ya Mungu, watu wana mambo. Barua, siku hizi!"

Mama Masharti hakucheka. Alipiga mstari kwa penseli pembeni ya kile kipande, akasema kichwa kinamuuma, wataendelea kesho.

Nikwambie kilichotokea miaka saba nyuma, maana bila hicho hutamwelewa. Mama yao alikuwa na presha, akaandikiwa vidonge. Mama Masharti, kwa mwandiko wake mzuri wa kiwandani, akaandika kwenye karatasi: saa mbili asubuhi, saa mbili usiku. Akampa Kitinda, ambaye alijua mambo ya simu, aitege simu ya mama iite. Kitinda akaitega mbiombio, gari likimsubiri, alikuwa anasafiri kikazi wiki mbili. Akaandika mbili palipotaka saa. Simu nayo ikaelewa mbili ya kwake. Ikawa inaita saa nane mchana na saa nane usiku, na mama, ambaye macho yalishamwishia, alikuwa akiamka gizani kila siku kunywa dawa, kwa sababu mwanawe ndiye aliyeitega na mwanawe anajua. Usiku wa kumi na moja aliteleza jikoni akienda kuchota maji. Akavunjika nyonga. Hakusimama tena, na kabla mwaka haujaisha walimzika.

Siku ya mazishi, mbele ya shangazi na wajomba, Mama Masharti alimwambia mdogo wake, "Umemuua mama kwa namba."  Kitinda alishika mkoba wake akaondoka, na tangu siku hiyo ikawa kimya. Ukoo mzima ulilijua hilo. Kuna jambo lingine ambalo ukoo haukulijua, alilijua yeye peke yake, na alilala nalo miaka saba. Tutalifikia.

Jumanne wakamwita Wakili. Alikuwa mwembamba, mkavu, suti yake kubwa kuliko yeye, akija karakana mara moja kwa mwezi kupekua leseni. Alisoma sharti la barua mara mbili.

"Hili si sharti la kawaida," akasema. "Mwenye programu akija kusema barua haikufika, au haikumridhisha, tunasimama wapi? Mtu mmoja anaendeleaje, hayo ni masuala ya leseni? Mimi nashauri kitolewe. Fundi, huna kingine?"

"Ninacho kile nilichoandika mimi," Tusubiri akasema kwa aibu kidogo. "Hakijui kasorobo. Na kuna siku kinateleza kati ya alfajiri na usiku. Lakini nikikazana nacho, tusubiri tuone."

"Basi aamue mwenye masharti," akasema Wakili, na wote wakamgeukia.

Na hapo, ndugu yangu, ndipo mtihani ulipokuwa. Neno moja tu, "kitoeni", na mambo yangekwisha. Kijitabu kingekwenda kwa mchapaji bila majina yale matatu, yeye asingeandika barua yoyote, na hakuna mtu chini ya jua angemlaumu. Wakili mwenyewe ndiye aliyeshauri. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akiwafokea wenzake miaka mitano kwamba mtu aliyekupa jasho lake usimnyime anachotaka. Akaomba apewe mpaka Alhamisi saa sita mchana.

Nyumbani kwake palikuwa vyumba viwili, safi kupita kiasi, na juu ya kabati la vyombo palikuwa na kisanduku kimoja cha dawa. Presha ya mama ilikuwa imemrudia yeye. Kila mtu pale karakana alipewa kazi ya kukijaribu kisanduku, lakini yeye alikuwa akikitumia kwa kweli, miezi miwili sasa. Kila asubuhi kilipomwambia saa, alikijibu, "Ahsante, mwanangu," kama kinamsikia. Akiwa na watu hakufanya hivyo, bila shaka.

Jumatano asubuhi alikuwa amekaa mezani kabla hakijaita. Kilipofungua mlango wake kikasema, "Saa moja asubuhi. Kula kwanza, halafu unywe kidonge cheupe," hakukijibu. Miezi miwili alikuwa akiamshwa na mdogo wake bila kujua. Saa ya mdogo wake ilikuwa sahihi kila siku iliyopita, hata dakika moja haikuwahi kuteleza. Alilia akiwa na kipande cha mkate mkononi, kilio kile cha mtu mzima kisicho na sauti, halafu akala mkate wote kwa sababu aliambiwa ale kwanza.

Akanywa kidonge, akafuta meza, akatafuta kalamu. Akaharibu karatasi nne. Ya kwanza ilianza "Ndugu mwenye programu", akaichana akijicheka. Ya pili ilikuwa ya salamu tupu, na mambo ya mvua. Ya tatu ilikuwa na msamaha mwingi, wa jumla, usioshika jambo. Ya nne aliichana bila kuisoma. Ya tano ikaenda hivi:

"Kitinda mdogo wangu,

Nakuandikia kwa sababu leseni yako inanilazimisha, na nakushukuru kwa kunilazimisha, vinginevyo ningekufa sijaandika. Tumeiweka Saa ya Mama ndani ya kisanduku cha dawa. Umetaka nikutajie mtu mmoja. Mtu huyo ni mimi. Nina presha kama ya mama. Programu yako inaniamsha saa moja asubuhi, na sijawahi kukosa kidonge. Naendelea vizuri mwilini.

Moyoni siendelei vizuri, na hili hulijui. Siku nne kabla mama hajaanguka alinipigia simu kiwandani. Alisema, mwanangu, simu inaniamsha usiku wa manane ninywe dawa, ndivyo mlivyopanga? Nilikuwa nasahihisha, simu nimeibana kwa bega. Nikamwambia fuata simu, mama, Kitinda anajua. Nilimwambia hivyo bila hata kuinua macho. Ningeuliza swali moja tu ningeligundua kosa. Wewe ulikosea ukiwa mbioni. Mimi niliambiwa na mama kwa mdomo wake, nikampuuza. Halafu nikakusimamisha mbele ya watu nikakubebesha yote, kwa sababu sikuweza kubeba langu.

Hukumuua mama. Sikutaka kulikubali hilo, nilitaka mtu mwingine awe na hatia. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, barua hii itoshe kwa leseni.

Dada yako."

Alifika kazini saa nne na nusu, kuchelewa kwake kwa kwanza katika miaka mitano, na Tusubiri alikuwa ameshaanza kuulizia hospitali. Barua ilikuwa imeshapita posta. Mkononi alikuwa na nakala moja, maana Wakili hufunga nakala ya kila sharti lililotimizwa kwenye faili, na taratibu ni taratibu, hakutaka kujipendelea.

"Kipande kinabaki," akamwambia Wakili, aliyekuwa bado anapekua leseni zilizobaki, akamwekea karatasi mezani. "Hii ndiyo nakala."

Wakili akavaa miwani akasoma kama anavyosoma kila kitu, kidole kikitembea chini ya mstari. Katikati kidole kikasimama. Akamaliza, akavua miwani, akaifuta kwa tai kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa. Halafu akaikunja ile karatasi, akamrudishia.

"Hii si ya faili," akasema. "Nitaandika mwenyewe: sharti limetimizwa, nimeshuhudia." Akaandika hivyo hivyo, akaweka saini, akafunga faili. Akiwa mlangoni akageuka. "Mama, mimi pia nina dada," akasema, akashuka ngazi.

Ijumaa kijitabu kikaenda kwa mchapaji, na majina matatu yalikuwa ukurasa wa thelathini na moja, herufi ndogo kama mchanga. Vifurushi vikafungwa, vikaenda. Na Mama Masharti akaanza kungoja, na kungoja kulimkondesha. Wiki ya kwanza alipita posta kila siku akitoka kazini. Wiki ya pili akajikataza, akapita kila baada ya siku mbili. Wiki ya tatu alijiambia, mwanangu umelipa sharti, sharti halikusema ujibiwe. Kila asubuhi saa moja sauti ile ilimwambia ale kwanza, naye alikula. Akarudia kusema ahsante, lakini sasa alilitaja na jina, "Ahsante, Kitinda."

Alhamisi ya wiki ya nne Tusubiri alikuwa akipitia vile vipande, maana wenyewe huvirekebisha mara kwa mara na kuvitoa upya, na kikitoka kipya lazima leseni isomwe tena tangu mwanzo. Akamwita dirishani.

"Lete rula, mama. Yule bwana wa barua ametoa toleo jipya."

Mama Masharti alikaa. Rula aliishika kwa mikono miwili.

"Saa ya Mama. Nukta. Toleo la saba. Nukta," Tusubiri akasoma. "Yaliyobadilika. Nukta mbili. Moja. Sharti la barua nimeliondoa. Nukta. Barua niliyokuwa nikiingoja imefika. Nukta." Akainua kichwa. "Kumbe alikuwa anangoja moja tu? Sasa hawa wengine wote waliomwandikia... Mama? Nisimame?"

"Soma," akasema.

"Mbili. Nimeongeza mfano mmoja kwenye majaribio. Nukta." Majaribio ni ile orodha ya mifano ambayo mwandishi huiweka ili kuhakikisha programu yake haikosei: unaipa saa ya mashine, nayo inatakiwa kujibu saa yetu. Tusubiri akaifungua, akashuka mpaka mwisho. Sauti yake ikabadilika, maana si mjinga, na yale majina matatu alianza kuyaoanisha na ya mtu aliyekaa mbele yake. "Saa ya mashine, kumi kamili. Siku, Jumamosi hii. Jibu linalotakiwa: Saa nne asubuhi. Mkato. Dada, mkato, nifungulie mlango. Nukta."

Akaendesha majaribio, kwa sababu ndiyo kazi, na kisanduku kilichokuwa mezani kikasema maneno yale kwa sauti yake ya upole, karakana nzima ikasikia. Hakuna aliyecheka. Mama Masharti alikuwa ameinama juu ya karatasi, rula imesimama mahali pake chini ya mstari, na mstari wenyewe umelowa.

"Hiyo Jumamosi ni keshokutwa," Tusubiri akasema taratibu.

"Najua kuhesabu siku," akajibu. "Nenda kwenye kipande kinachofuata."

Jumamosi alifungua mlango wa mbele saa mbili asubuhi, akauacha wazi. Alichemsha chai, ikapoa, akachemsha nyingine. Saa nne kasorobo kivuli kikaingia kizingitini. Kitinda alikuwa na mvi masikioni, na mkoba uleule wa siku ya mazishi begani. Alisimama nje kana kwamba mlango umefungwa.

"Nimewahi kidogo, Dada," akasema.

"Hujawahi popote," akamwambia, na tayari alikuwa amemshika mabega akimvuta ndani. "Tumechelewa miaka saba, mimi na wewe. Nawa mikono, ule kwanza."